Pointi Kumi na Moja kwa Figo Langu la Kushoto

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupanga Foleni ya Upasuaji wa Saratani,
Hospitali Kuu, ghorofa ya pili, chumba chenye dari linalovuja.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA KUWEKWA KUNDI LA TATU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na wajumbe wenzako, ambao hadi wiki saba zilizopita walikuwa wajumbe wenzangu. Mimi ni yule mwalimu mstaafu wa hisabati aliyekuwa akiketi karibu na dirisha, mwakilishi wa raia, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nadhani mnanikumbuka. Ndimi niliyetunga kanuni ninazokuja kuzilalamikia.

Kwa faida ya katibu mpya, ambaye hakuwepo, nieleze kidogo. Kabla ya janga hospitali ilikuwa na vyumba vinne vya upasuaji. Viwili viligeuzwa wodi za wagonjwa mahututi, cha tatu kikajaa mitungi ya oksijeni, kikabaki kimoja. Madaktari wa usingizi walihamishiwa kwenye mashine za kupumulia. Damu ikawa adimu kwa kuwa wachangiaji waliogopa kutoka majumbani. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakingoja kupasuliwa walikuwa sitini na wanne, na chumba kile kimoja kingeweza kuhudumia wanane kwa wiki. Wewe, Mwenyekiti, ambaye ndiye daktari bingwa wa upasuaji, ulituambia hutaki kuchagua peke yako nani atangulie, maana ukichagua peke yako hutapata usingizi tena. Ndipo ikaundwa kamati, nami nikaitwa ili awepo angalau mtu mmoja asiyevaa koti jeupe.

Nilikuja na daftari. Nyinyi mlikuja na uchovu. Katika vikao vitatu nikawaandalia mfumo wa pointi thelathini: uvimbe unakua kwa kasi gani, kuchelewa kutaleta hatari gani, mgonjwa ana nafasi gani ya kupona, na kama ipo tiba nyingine ya kumshikilia akiwa anangoja. Kifungu cha nne nilikisoma nikiwa nimesimama: "Cheo, elimu, utumishi, jina la ukoo, na kujuana na mjumbe yeyote, havitahesabiwa." Muuguzi mkuu alipiga makofi. Kikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nyumbani nilikitia kwenye fremu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kupimwa tumbo kwa sababu ya gesi. Mpimaji, aliyekuwa akipiga soga kuhusu bei za barakoa, akanyamaza ghafla. Figo langu la kushoto lilikuwa limeota uvimbe wa sentimita mbili na nusu, na vipimo vilivyofuata vikathibitisha kuwa ni saratani. Nilijiuzulu siku hiyo hiyo, kama kanuni zangu zinavyotaka, nikaketi nyumbani kungoja haki. Haki ikaja ndani ya bahasha ya kaki: pointi kumi na moja kati ya thelathini, kundi la tatu, apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Kwa heshima na taadhima, yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Alama yenyewe. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na mwanafunzi aliyepata kumi na moja juu ya thelathini nilimwita mzazi wake. Mimi nimwite nani, na wazazi wangu wametangulia mbele ya haki? Nimeirudia hesabu yenu mara nne kwa fomula yangu mwenyewe, nikitumaini kuwakamata. Mara tatu nilipata kumi na moja. Mara ya nne nilipata kumi, nikalifunga daftari.

2. Lugha ya barua. Mmeandika kwamba nina "uvimbe mdogo, unaokua polepole, unaoweza kungoja bila madhara makubwa." Sentensi hiyo ni yangu, niliiandika kwenye kiolezo, na wakati ule niliiona imejaa upole. Nimeishi nayo sasa wiki tano. Nawaarifu kwamba neno "makubwa" halifanyi kazi yoyote mle ndani isipokuwa kumkumbusha msomaji kuwa yapo pia madogo. Na hilo neno "mdogo" linanivunjia heshima mtaani. Jirani yangu alikuja hadi ukutani kunipa pole, akauliza uvimbe una ukubwa gani, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema, "Aa, basi," akarudi kumwagilia mboga zake.

3. Kifungu cha nne. Nakiunga mkono kwa moyo wote. Naomba tu mwishoni yaongezwe maneno haya: "isipokuwa kwa aliyekitunga." Sababu yangu ni ya kimantiki. Kanuni njema inahitaji mtetezi; mtetezi wake ni mtunzi; mtunzi ana figo bovu; kwa hiyo kulitibu figo hilo mapema si kunipendelea mimi, ni kuihifadhi kanuni inayokataza upendeleo. Nimeionyesha hoja hii kwa mke wangu, mkunga mstaafu. Aliisoma mara mbili, akauliza kama nimekunywa dawa zangu za presha.

4. Uchunguzi wa tarehe kumi na mbili. Nilifika kliniki nikiwa nimejiandaa kuonekana mgonjwa kama ipasavyo. Sikuchana nywele. Nilitembea kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Daktari, binti mdogo wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliuliza, "Baba, maumivu unayasikia wapi?" Nikashika ubavu, nikaguna kwa muda wa kutosha.

"Hapa hasa?" akauliza.

"Hapo hapo, daktari. Usiku na mchana."

Aliandika, kisha akainua macho. "Lakini baba, huo ni upande wa kulia. Figo lenye uvimbe ni la kushoto."

Nilimjibu kwamba maumivu yamekwenda kumtembelea jirani. Hakucheka. Simu ikaita, akageuka kuipokea, nami nikalisoma faili lililokuwa limegeukia upande wake. Huo ni ujuzi ambao kila mwalimu anao. Alikuwa ameandika: "Hana maumivu. Anaogopa. Aongeleshwe."

Mwenyekiti, nimepitia mfumo wetu wote, mstari kwa mstari. "Anaogopa" haina pointi popote. Tulisahau kuiweka, au tuseme nilisahau mimi, maana siku zile sikuwa na haja nayo. Sasa neno hilo limekaa kwenye faili langu bila thamani yoyote ya kihesabu, na kila muuguzi anayelifungua ananiongelesha. Mmoja alinishika bega. Naomba ama lipewe pointi, ama lifutwe.

5. (Lalamiko la tano limeondolewa na mke wangu, aliyeisoma barua hii nilipokwenda kutafuta gundi.)

6. Mgonjwa mwenzangu wa kwenye benchi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo mnivumilie likirefuka.

Benchi la kliniki sasa limechorwa alama za kukaa mbalimbali, na siku ile alama iliyofuata yangu ilikuwa ya mama mmoja wa miaka kama hamsini, fundi wa kuchomelea vyuma. Mikono yake yote miwili ina makovu madogo madogo ya cheche. Ana karakana yake ng'ambo ya daraja, baada ya kituo cha mafuta, na aliniambia geti lake ni la bluu ili nikitaka dirisha la chuma nisipotee. Alikuwa na bahasha ya kaki kama yangu.

"Mwalimu," akaniambia, maana nilikuwa nimeshajitambulisha kwa vyeo vyangu vyote, "nisomee, kaka yangu. Miwani nimeiacha."

Nikamsomea. Saratani ya utumbo mpana, njia imeanza kuziba, pointi ishirini na sita, kundi la kwanza, apasuliwe ndani ya wiki mbili.

"Ishirini na sita ni nzuri?" akauliza.

Ndugu Mwenyekiti, mazoea ya miaka thelathini na mitatu ni kitu kibaya. Nilimwambia, "Ni nzuri sana. Hongera."

Akashukuru. Kisha kwa adabu akaniuliza yangu. Nikamwambia kumi na moja.

"Pole," akasema. "Labda utafanya vizuri mara nyingine."

Ninacholalamikia ni hiki: mama huyu hakuguna hata mara moja. Aliketi wima. Alinisimulia jinsi ya kuunganisha bawaba isilie. Nilipomdadisi ndipo akataja, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kuwa wiki ya tatu sasa hakikai tumboni mwake kitu isipokuwa cha majimaji. Mtu wa namna hiyo anawachanganya wananchi. Mimi niliyejitaabisha kutochana nywele nimeachwa kundi la tatu, na yeye aliyekuja amepiga pasi blauzi yake anawekwa la kwanza. Foleni yenye wagonjwa wasiojua kuugua hadharani itaaminiwa na nani?

Nilipomweleza mke wangu, aliendelea kukunja nguo, kisha akasema: "Wodini kwetu, mzazi aliyepiga kelele tulimwambia tunakuja. Aliyenyamaza ndiye tuliyemkimbilia." Sikuona uhusiano. Ninayaandika maneno yake hapa ili ionekane kwamba nimesikiliza pande zote.

Na kwa kuwa barua hii ni rasmi na sitaki kuficha kitu, niongeze kwamba nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mwanamke asiyeweza kula, kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na namba yenyewe niliitengeneza mimi. Nilipofika nyumbani nilikula sahani mbili.

7. Marekebisho ninayopendekeza. Ili kamati isione kwamba nabomoa bila kujenga, naomba yaongezwe mafungu yafuatayo: pointi tano kwa mgonjwa mwenye mwandiko safi, pointi sita kwa aliyezisoma kanuni zote hadi ukurasa wa mwisho, pointi nne kwa anayefika kliniki saa nzima kabla ya muda, na pointi nane kwa yeyote aliyewahi kumfundisha mjumbe wa kamati. (Daktari wa usingizi alikuwa mwanafunzi wangu. Logarithimu zilimpiga chenga, lakini sikumtupa, naye asinitupe.) Kwa hesabu hii mpya, ambayo nimejitahidi isimlenge mtu, napata pointi thelathini na nne juu ya thelathini.

8. Ikishindikana yote hayo, basi nirudishwe kwenye kamati ili nijitenge rasmi na uamuzi unaonihusu. Ningependa kujitenga nikiwa ndani ya chumba, nimeketi mahali pangu, na ikiwezekana uso wangu uonekane vizuri na wanaopiga kura.

Naamini mtayatazama haya kwa jicho la haki, na kama la haki limechoka, basi kwa lolote mlilo nalo. Nasubiri majibu, ijapokuwa kusubiri ndiko hasa ninakokulalamikia.

Nisalimie muuguzi mkuu na umwambie goti lake alipumzishe. Nisalimie daktari wa usingizi, mama wa usafi anayehamisha ndoo chini ya dari kila mvua inaponyesha, katibu mpya ambaye bado hajanijua na ana bahati, na wote wanaovaa zile nguo za plastiki kutwa nzima bila kunywa maji. Mke wangu naye anawasalimu, na anasema poleni.

Wako mtiifu kwa kanuni zote, kasoro moja,

Mwalimu Mstaafu wa Hisabati
(Kundi la Tatu)

Tanbihi:

Barua hii ilikuwa imeshatiwa gundi na stempu Jumamosi asubuhi, simu ilipoita. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Aliyepiga ni muuguzi wa foleni. Alisema mgonjwa aliyepangiwa Jumanne ameamka na homa na kikohozi, ametengwa, nafasi yake iko wazi. Wawili waliofuata vipimo vyao vimepitwa na wakati. Wa tatu, yule mama fundi wa mageti, kapigiwa mara tatu hapatikani. Kwa mujibu wa kanuni ya tisa, asiyepatikana kwa simu tatu nafasi yake inakwenda kwa mwenye vipimo kamili anayeishi karibu na hospitali, na huyo ni mimi. "Unakubali, Mwalimu?"

Nilisema nakubali kabla hajafika kwenye "Mwalimu." Sitaki mnifikirie vingine.

Nikaanza kufunga begi. Mke wangu akasimama mlangoni akiniangalia ninavyotia pajama ndani. "Huyo asiyepatikana ni nani?" akauliza. Nikasema sijui. Akakaa kimya. Nilivaa kiatu kimoja, nikaketi kitandani, na yeye bado amekaa kimya. Miaka arobaini amewazalisha watu kwa njia hiyo. Mtu mwenyewe hufika mahali akasukuma.

Nikampigia muuguzi, nikamwambia anishikie nafasi ile, nimtafute mwenyewe. Akasema kanuni inaruhusu saa mbili tu. Nilitaka kumuuliza ni mpumbavu gani aliyeandika saa mbili, nikajizuia.

Tulichukua gari langu, mimi na mke wangu, maana mabasi yalikuwa yamesimamishwa, na darajani pana kizuizi. Kile kitambulisho changu cha kamati, nilichowaandikia kuwa kimepotea, hakikupotea. Kilikuwa kwenye droo ya soksi. Niliona vigumu kuachana nacho. Nilikivaa. Askari akakitazama, akanitazama, akatazama mlango wa nyuma wa gari langu uliofungwa kwa kamba. "Mjumbe?" akauliza. "Nakwenda kazini," nikamwambia. Akainua mti.

Tulimkuta karakanani kwake, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi. Simu ilikuwa imezimika tangu juzi, umeme umekatika. Tumbo lilikuwa limevimba na alikuwa akitapika tangu alfajiri.

"Mbona hukumwita mtu?" nikamuuliza, kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

"Barua ilisema ndani ya wiki mbili," akasema. "Nilihesabu zimebaki siku sita."

Mke wangu alikuwa ameshamshika mkono anasikiliza mapigo. Hakunitazama. "Tunaondoka sasa hivi," akasema, "na wewe endesha, usihutubie." Niliendesha. Madirisha yote wazi, barakoa usoni, fundi amelala kiti cha nyuma na kichwa chake mapajani mwa mke wangu, na mimi nikitupia jicho saa ya mkononi, nikihesabu dakika za kanuni yangu mwenyewe. Tulifika zimebaki kumi na tisa. Walimlaza, wakamtundikia dripu na kumpitishia mpira wa kutoa yaliyokuwa tumboni. Nilirudi nyumbani, nikalitoa pajama kwenye begi.

Wewe unayajua yaliyobaki kuliko mimi, maana ulimpasua mwenyewe Jumanne. Wanasema ilichukua saa nne na nusu. Wanasema mlikuta ukuta wa utumbo umekuwa mwembamba kama karatasi ya sigara, na wiki nyingine moja usingekuwepo wa kushona.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la nane, pamoja na lile lililoondolewa, yahesabiwe kuwa hayana msingi. Kanuni ya tisa ndiyo naomba irekebishwe, kwa sababu niliitunga nikifikiri kila mtu ana umeme. Kuna mtu angekufa kwa simu tatu nilizoziweka mimi kwa kupenda namba tatu. Kwa hilo sina mzaha wa kuongeza.

Mtauliza kwa nini sasa naituma barua. Ni kwa kuwa watoto niliowafundisha niliwakataza kufuta kazi iliyokosewa. Walipige mstari mmoja kosa, liendelee kusomeka. Pigeni mstari.

Kundi la tatu naliweza. Jana niliongeleshwa na yule daktari binti kwa nusu saa nzima, kwa simu, na safari hii sikumkatiza.

Leo Alhamisi fundi ameazima simu ya muuguzi akanipigia. Sauti ilikuwa nyembamba. Nilidhani anataka kushukuru, nikajikohoza nikae tayari kukataa shukrani kwa unyenyekevu. Hakushukuru. Alisema ule mlango wa gari langu uliofungwa kwa kamba ulimkera njia nzima kuliko tumbo lenyewe, mtu mzima kama mimi kutembea hivyo ni aibu, na akishaweza kusimama niupeleke karakanani auchomee bawaba mpya.

Nikamwambia apumzike kwanza. Mlango unaweza kungoja.